NGITILI ZA SHINYANGA: HEWA UKAA NI YA NANI?

Wadau, ikitajwa kupunguza hewa ukaa wengi wetu tunawaza mitambo ya Ulaya. Mimi nasema tuanzie hapa hapa Usukumani.

Kwa asiyejua, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza ili majani na miti vipumzike, kisha linafunguliwa kiangazi mifugo ikikosa chakula. Miti ikikua inavuta hewa ukaa na kuihifadhi kwenye shina, mizizi na udongo.

Zilipoteaje? Misitu ilifyekwa kuua mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, halafu vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 vikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), baadaye kwa msaada wa Norway na watafiti wa ICRAF. Ngitili zilizorekodiwa wakati ule zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia 2004 makadirio yalipita hekta 300,000! Siri yake ni kwamba hawakuleta amri za ofisini. Dagashida na sungusungu walisimamia kwa mila zao, na anayeingiza ng'ombe kwenye ngitili iliyofungwa anapigwa faini. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya UNDP.

Sasa tuje kwenye pesa. Mwaka 2008 Norway iliahidi Tanzania kroner milioni 500 kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi na misitu, na TaTEDO ikaufanyia majaribio mpango wa REDD kwenye ngitili za Kahama na Shinyanga Vijijini. Tatizo ni kwamba ngitili nyingi ni vipande vidogo vya kaya, na kupima kaboni ya kila kipande ni gharama. Lazima wenyewe waungane.

Huku nyuma miji ya dhahabu, Kahama na Geita, inataka mkaa, na wachimbaji wadogo wanataka magogo ya kuegemeza mashimo. Mnunuzi wa mkaa analipa leo leo. Wa kaboni mpaka vipimo na mikataba ikamilike. Mwenye njaa atamsubiri nani?

Serikali ilitoa mwongozo wa biashara ya kaboni mwaka 2022, sawa. Ila kwa maoni yangu, kabla mwanakijiji hajasaini chochote apate kwanza hati ya kimila, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamruhusu kuwa nayo. Bila karatasi hiyo, akija mjanja na mkataba wake, mwenye ngitili atadai kwa lipi?

Nawasilisha. Wadau wa Kishapu, Kahama na Geita, huko kwenu hati zimetoka?