Nafasi ya majani na uzito wa mwili: historia ya Lubumbashi

Wabelgiji walianzisha Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Baadaye, kati ya mtaa wa wazungu na cité ya weusi, waliacha eneo tupu la upana wa mita 700 hivi. Walidai mbu wa malaria hawezi kuliruka. Shabaha hasa ilikuwa kutenga watu kwa rangi. Kule Léopoldville, yaani Kinshasa, eneo la namna hiyo liliwekwa uwanja wa gofu na bustani ya wanyama. Majani yalikuwepo, lakini si ya kila mtu. Wafanyakazi waliyapita tu wakienda kazini, na usiku walikatazwa kuonekana upande wa pili.

Unene haukuwa shida ya cité wakati ule; miguu ilifanya kazi kila siku. Leo OMS inahesabu mtu 1 kati ya 8 duniani kuwa na unene wa kupita kiasi, na inashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo kwa juma. Atembee wapi? Mama aliyekimbia vita, aliyezoea kupanda mlima na jembe begani, akifika mjini anashinda chumbani, anakula fufu na mafuta, mboga mara chache. Anaweza kunona huku damu inampungukia. Majani peke yake hayaondoi kitambi, chakula nacho kina sehemu kubwa. Lakini uwanja wa mpira ukikatwa viwanja vya nyumba, watoto wanacheza barabarani kati ya pikipiki, ama wanafungiwa ndani.