Kunta Kinte na wakalimani watatu

Jina la Kunta Kinte wengi wetu tulilisikia kwenye mkanda wa video kabla hatujakiona kitabu. Kijana wa Kimandinka anaingia msituni kukata gogo la kuchongea ngoma, anakamatwa, anavushwa bahari, anachapwa viboko mpaka akubali kuitwa Toby. Hiyo tunaijua. Leo nataka kuwazungumzia watu ambao huwa hatuwakumbuki: wale waliokaa katikati, kati ya Alex Haley na mzee wa kijiji, wakimgeuzia maneno. Maana wao ndio walikuwa na ufunguo wa nyumba.

Haley alizaliwa mwaka 1921 na alikulia Henning, Tennessee, akisikiliza stori za bibi yake na dada zake bibi barazani. Kina bibi hao walikuwa na habari ya "yule Mwafrika" aliyeshushwa melini mahali walipopaita "Naplis". Jina lake lilikuwa "Kin-tay". Banjo aliita "ko". Mto aliuita "Kamby Bolongo". Basi. Huo ndio urithi wote wa Afrika uliobaki katika ukoo ule, maneno machache yaliyopita kwenye midomo ya vizazi ambavyo havikujua yametoka lugha gani.

Ukiwa na maneno matatu unaanzia wapi? Baada ya kumaliza kitabu cha maisha ya Malcolm X, kilichotoka mwaka 1965, Haley alianza kuhangaika. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikwenda kusimama kwenye ukumbi wa Umoja wa Mataifa, New York, akiwanasa Waafrika wakitoka kazini na kuwatamkia yale maneno. Wengi walimshangaa na kupita. Hatimaye akaelekezwa Wisconsin kwa Jan Vansina, Mbelgiji ambaye wanaosoma historia katika vyuo vyetu hawawezi kumkwepa. Huyu bwana alikuwa ameishi na Wakuba kule Kongo miaka ya 1950, akafanya kazi Rwanda na Burundi, na kitabu chake cha mwaka 1961 ndicho kilichowafanya wanahistoria wa Ulaya wakubali kwamba simulizi ya mdomo nayo ni ushahidi, mradi uichunguze. Vansina alisikiliza, akashauriana na wenzake, akamwambia: hiki kinafanana na Kimandinka. "Ko" huenda ni kora, "bolongo" ni mto, na "Kamby" huenda ni Gambia.

Hapo ndipo wenyeji wanaanza kuingia. Wa kwanza ni Ebou Manga, mwanafunzi wa Kigambia aliyekuwa akisoma chuo cha Hamilton, jimbo la New York. Haley alifunga naye safari mpaka Bathurst, mji ambao tangu 1973 unaitwa Banjul. Baba yake Manga akamkusanyia watu wenye kujua historia ya nchi yao. Haley akawaeleza habari yote ya bibi yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Shikeni hapo, tutaparudia. Wale wazee wakamwambia ziko koo za Kinte, viko vijiji vyenye jina hilo, na wako wasimulizi wanaoweza kukariri nasaba kwa siku nzima. Kimandinka wanawaita jali, Wafaransa wanasema griot. Nenda nyumbani, tutakutafutia.

Haley akarudi Marekani, na baadaye akapata barua kwamba msimulizi amepatikana. Mwaka 1967 akaenda tena, na safari hii ulikuwa msafara kamili, watu kumi na wanne: wakalimani watatu, wapiga muziki wanne (aliambiwa mzee hasemi bila muziki kupigwa kwa nyuma) na wasaidizi. Wakapanda boti juu ya mto Gambia mpaka Juffure.

Mzee aliitwa Kebba Fofana. Alianza na ukoo wa Kinte kutoka upande wa Mauritania, fulani akamzaa fulani, mkalimani akigeuza kwa Kiingereza kipande kwa kipande. Baada ya saa nyingi akafika kwa Omoro na wanawe. Wakati askari wa mfalme walipokuja, mkubwa wao, Kunta, alitoka kwenda kukata kuni na hakuonekana tena. Haley anaandika kwamba alihisi amegeuka jiwe. Akatoa daftari alilokuwa ameandika maneno ya bibi, akamwonyesha mkalimani. Wanakijiji wakamzunguka, wanawake wakawa wanamwekea watoto wao wachanga mikononi, mmoja baada ya mwingine. Njiani kurudi, watu wa kijiji kingine walikuwa wamejipanga wakimpigia kelele: "Meester Kinte!"

Nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa, na kila mara koo inabana. Siyo siri.

Kutoka pale Haley alikimbilia nyaraka za London. Akaona "askari wa mfalme" ni kikosi cha Colonel O'Hare, mwaka 1767. Akatafuta meli, akaipata: Lord Ligonier, iliyong'oa nanga Gambia Julai 5, 1767 na kufika Annapolis ("Naplis" ya bibi) Septemba 29. Roots ikatoka 1976. Januari 1977 ikarushwa kwenye televisheni usiku nane mfululizo, na Wamarekani zaidi ya milioni 100 wakaitazama.

Aprili mwaka huohuo mwandishi wa Sunday Times ya London, Mark Ottaway, aliyekuwa amekwenda Juffure na kuuliza maswali ya kiandishi wa habari, akachapisha makala. Fofana hakuwa jali wa kufundishwa, na alikuwa anajua mapema mgeni anatafuta nini. Mkuu wa hifadhi ya nyaraka ya Gambia alikuwa tayari amemwandikia Haley barua akimtahadharisha kuhusu mzee huyo. Mwaka 1981 mwanahistoria Donald Wright, aliyekusanya masimulizi katika eneo lilelile la Niumi, akaandika kwamba Fofana alipoulizwa tena, mambo ya msingi yalibadilika. Halafu Juffure haikuwa kijiji kilichojificha porini kama kitabu kinavyoonyesha. Ilikuwa karibu kabisa na ngome ya Waingereza kisiwani, watu wakifanya biashara nao siku zote. Mwaka huohuo Gary na Elizabeth Mills wakafukua karatasi za Virginia: mtumwa Toby wa familia ya Waller anaonekana kwenye kumbukumbu kabla meli ya 1767 haijafika.

Kesi ya Harold Courlander, ambaye vipande vya riwaya yake vilikutwa ndani ya Roots, iliishia kwa Haley kulipa dola 650,000 mwaka 1978. Hiyo ni aibu yake binafsi, tuiweke pembeni.

Sasa turudi pale Bathurst. Mgeni amefika na hadithi yake kamili. Ameimwaga mezani mbele ya wenyeji. Wenyeji wamemuonea huruma, na nani asingemuonea? Wakapeleka habari mikoani: tunatafuta mzee anayemjua Kinte aliyepotea akienda kukata mti. Hadithi ikapanda mto kabla ya boti, ikamsubiri Juffure, na alipofika ikarudishwa kwake kwa Kimandinka na mkalimani akaigeuza tena kwa Kiingereza. Katika mlolongo huo sioni mtu ambaye lazima awe mwongo. Kila mmoja alimsaidia mgeni. Kwenye chumba cha habari swali kama lile tunaliita swali lenye jibu tumboni, na mhariri makini analirudisha.

Linganisha na akina Bethwell Ogot kwa Wajaluo na Isaria Kimambo kule Upare, miaka hiyohiyo ya 1960. Walikuwa wanaulizia watu wao, lugha wanaijua, na bado hawakuridhika na mzee mmoja. Walizunguka ukoo kwa ukoo, wakapanga masimulizi yanayogongana bega kwa bega. Haley alikuwa na mzee mmoja, wakalimani watatu na moyo uliojaa. Wakalimani wale wangeweza kumwambia kitu kimoja tu: kaka, usiwaambie jina. Labda hata wangesema asingesikia. Ametembea miaka, halafu mtoto mchanga anawekwa mikononi mwake!

Juffure yenyewe imeshaamua. Tamasha la Roots lilianza Gambia mwaka 1996. James Island, yenye magofu ya ile ngome, iliingia urithi wa dunia mwaka 2003, na mwaka 2011 ikabadilishwa jina ikawa Kunta Kinteh Island. Wageni kutoka Marekani wanashuka Albreda, wanatembea mwendo mfupi mpaka kijijini, wanapokelewa na ukoo wa Kinte. Wengi wao hawana hata neno moja la bibi. Utumwa ulifuta yote, na hilo halina Ottaway wa kulipinga, maana meli ya Lord Ligonier ilikuwepo kweli na watu waliofungwa ndani yake walikuwepo. Wakifika wanaanza kuuliza, na kijana wa kijijini anakaa katikati, anageuza.