Skrini ya mtunzi: historia ya kusanifu upya programu za nota

Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ya Marekani ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu ya kuandika nota za muziki iliyokuwa sokoni tangu 1988. Watunzi, wapangaji wa muziki wa filamu, walimu wa bendi za shule na wachapishaji walioizoea tangu ujana wao waliamkia habari hiyo bila kuitarajia. Kampuni ilieleza kwamba mifumo ya kompyuta hubadilika kila mara, na kwamba mamilioni ya mistari ya msimbo iliyorundikana kwa miaka 35 imeifanya kazi ya kuongeza jambo lolote jipya kuwa ngumu kupita kiasi. Hayo ni maelezo ya wahandisi, lakini watumiaji walikuwa wameyasoma kwenye skrini zao miaka mingi kabla. Finale ilijengwa juu ya wazo fulani kuhusu namna mtunzi anavyofanya kazi, na wazo hilo halikuwahi kufumuliwa. Historia ya programu za nota, kuanzia zile za maabara ya chuo kikuu hadi MuseScore inayopatikana bure leo, inanifanya niamini kwamba kila skrini ya namna hii hubeba dhana kuhusu mpangilio wa mawazo ya anayetunga. Anayebadilisha vitufe na rangi huku akiiacha dhana ile ile chini yake huwasumbua watu bila kuwafaidisha. Anayeanzia chini hulipa gharama kubwa, tena kwa miaka, na bado ndiye mwenye haki.

Nianze na Leland Smith, profesa wa muziki wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeanza kuiunda SCORE miaka ya 1970. Programu hiyo haikumruhusu mtu kuandika nota moja ikiwa kamili. Aliyeitumia alipita kwenye mstari ule ule wa muziki mara tano: kwanza aliandika sauti zote kwa herufi, kisha urefu wa kila sauti, kisha alama za namna ya kupiga, kisha mistari minene inayofunga nota fupi pamoja, na mwisho pinde. Kila kitu kilichotokea kwenye ukurasa kilikuwa na safu yake ya namba zinazosema kimekaa wapi. Hakuna mtunzi anayefikiri hivyo, kwa kuwa wimbo ukimjia kichwani huja na sauti na urefu wake kwa pamoja. Mpangilio ule ulikuwa wa mashine, na binadamu ndiye aliyetakiwa kuufuata. Hata hivyo wachapishaji wakubwa waliipenda SCORE kwa moyo wote, kwa sababu kurasa zake zilikuwa nzuri kuliko za programu nyingine yoyote ya wakati wake. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba skrini mbaya huzaa kazi mbaya. Kazi yaweza kutoka nzuri sana, ila ni wachache mno watakaoifikia.

Finale, iliyoandikwa na Phil Farrand, ilikuja na dirisha, kipanya na picha ya ukurasa wenyewe. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na itakuwa dhuluma kuisahau leo. Lakini ilipanga kazi kwa zana. Palikuwa na zana ya vipimo (yaani nafasi zilizo kati ya mistari wima), zana ya mistari mitano, zana ya alama za kupiga, zana ya maneno ya mwongozo, zana ya pinde na nyingine nyingi, kila moja na aikoni yake. Chukua mpangaji aliyemaliza mstari wa filimbi akagundua kwamba upinde mmoja umekaa juu mno, kitone cha kukatiza nota hakipo, na mstari wima wa mwisho unatakiwa uwe wa marudio. Kwake hizo ni dosari tatu za sehemu moja, na jicho limeziona kwa mara moja. Kwa Finale zilikuwa safari tatu: achukue zana ya pinde arekebishe, aiweke, achukue ya alama, aiweke, achukue ya vipimo. Upinde ulio mbele ya macho yake haukumjibu mpaka awe ameshika zana inayoutambua. Baadaye iliongezwa zana ya kuchagulia, ambayo mtu akibofya kitu mara mbili humpeleka kwenye zana inayohusika. Ilisaidia kweli, lakini ilikuwa kumrahisishia mgeni kuzunguka ndani ya nyumba ambayo vyumba vyake vilipangwa vibaya. Zana zilibaki pale pale chini, na kila kipengele kipya kilibidi kitafutiwe mahali kati yao.

Wakati huo huko Uingereza, ndugu wawili mapacha, Jonathan na Ben Finn, walikuwa wameanza kazi yao wakiwa wanafunzi mwaka 1986. Sibelius yao ilitoka 1993 kwa kompyuta za Acorn, ikiwa imeandikwa kwa lugha ya mashine ili iende kasi, na mwaka 1998 ikaingia Windows. Kasi hiyo ilikuwa sehemu ya sura yake. Ukiongeza nota, ukurasa wote ulijipanga upya papo hapo, na mtunzi hakuhitaji kuiamuru programu itengeneze nafasi. Kisha kulikuwa na kipedi cha nota kwenye kona ya skrini, kilichochorwa kwa mfano wa sehemu ya namba iliyo kulia mwa kibodi. Kitufe cha 4 kilitoa nota ya pigo moja, cha 3 nusu ya pigo, cha 5 mapigo mawili. Macho hayakuhitaji kuondoka kwenye muziki, kwa kuwa mkono ulijua kinachofuata. Nakiona kipedi hicho kuwa miongoni mwa ubunifu bora zaidi katika historia hii. Lakini nacho kilitegemea kitu kilicho nje yake. Kompyuta za mkononi zilipoenea, nyingi zikauzwa bila sehemu ile ya namba, na waliozinunua wakabaki na picha ya kitu ambacho vidole vyao havikukipata. Hata sura iliyofaulu huzeeka, kwa sababu vifaa na watu hubadilika bila kuisubiri.

Sibelius 7 ya mwaka 2011 ilijaribu kujifanya upya, na ndipo tofauti ya ukarabati wa juu na wa chini inapoonekana wazi. Avid, iliyokuwa imeinunua Sibelius mwaka 2006, iliondoa menyu za zamani ikaweka utepe mpana wenye vichupo, kama ule ambao Microsoft iliuingiza kwenye Office 2007. Vichupo vilipangwa kwa mantiki, kuanzia kuingiza nota hadi kukagua kazi, na aliyeanza upya aliweza kufuata. Tatizo ni kwamba utepe ulibuniwa kwa ajili ya barua na majedwali. Ukurasa wa okestra una mistari mitano mingi iliyopangwa juu hadi chini, na urefu wa skrini ndio kitu ambacho mtunzi anakipigania zaidi. Amri zilezile zilihamishwa kutoka mahali zilipozoeleka zikapelekwa mahali papya, na namna programu inavyouelewa muziki ikabaki kama ilivyokuwa. Wengi walinung'unika, na nadhani walikuwa na haki: walitozwa bei ya kujifunza upya bila kupewa uwezo mpya unaolingana nayo.

Mwaka uliofuata Avid ilifunga ofisi ya London iliyokuwa ikiiunda Sibelius. Steinberg ya Hamburg, kampuni iliyo chini ya Yamaha, iliwaajiri wengi wa wahandisi wa ofisi hiyo, ikawapa nafasi adimu ya kuanza na ukurasa mtupu. Dorico ilitoka Oktoba 2016. Katika programu zilizotangulia kipimo kilikuwa kama kisanduku: ukitaka kuingiza nota moja mwanzoni mwa kifungu kilichokwisha kuandikwa, lazima ukate na kubandika yote yanayofuata, na nota inayovuka mstari wima uivunje wewe mwenyewe. Dorico inaihesabu nota kuwa ni tukio lenye urefu wake katika mtiririko wa muda, na mstari wima ni namna tu ya kuuonyesha mtiririko huo. Washa hali ya kupenyeza, ongeza nota, na muziki wote unaofuata unasogea. Nota zinazovuka zinagawanywa na kufungwa kwa upinde kama kanuni zinavyotaka. Badilisha mapigo kutoka manne kwenda matatu, na ukurasa unajiandika upya. Hakuna utepe wala menyu ambayo ingeweza kuleta hilo, kwa sababu halikuwa suala la kitufe kukaa wapi. Bei yake ilikuwa kubwa, kwani toleo la kwanza lilitoka bila alama za kodi (yaani nota zinazopigwa kwa pamoja) za gitaa na piano na bila miisho ya marudio, vitu ambavyo mwanamuziki wa jazi hawezi kufanya kazi bila kuwa navyo. Viliongezwa mwaka 2017.

MuseScore inasimulia jambo hilo hilo kwa njia ya programu isiyouzwa. Werner Schweer wa Ujerumani aliitenga mwaka 2002 kutoka programu nyingine aliyoiandika, MusE, na kwa miaka mingi ilijengwa na watu wa kujitolea. Kila aliyeongeza kitu alikiweka mahali palipokuwa na nafasi. Dirisha la sifa za kitu katika toleo la 3 linaonyesha matokeo yake: aliyebofya alama ya sauti kubwa ili aibadilishe kidogo alikutana na sehemu za kujaza namba za umbali wa mlalo na wa wima, umbali wa chini kabisa unaoruhusiwa, na nafasi ya kitu katika mpangilio wa vilivyolaliana. Hayo ni maswali ya msimbo, na yalielekezwa kwa mtu mwenye swali la muziki. Mwaka 2019 Martin Keary, mtunzi na mbunifu wa programu, alitoa video ndefu iliyoichambua MuseScore bila huruma, na mwaka huo huo akakabidhiwa uongozi wa usanifu wake. Hatua hiyo ya kumpa kazi mkosoaji inawapa heshima kubwa waliokosolewa. Mwaka 2021 zikaja herufi mpya za muziki zinazoitwa Leland, kwa heshima ya yule profesa wa SCORE, na Desemba 2022 ikatoka MuseScore 4. Dirisha la sifa likaanza na mambo ambayo mwanamuziki huyauliza, namba zikasogezwa nyuma. Injini ya kupanga nota kwenye ukurasa ikafumuliwa. Na njia za kuipitia programu nzima kwa kibodi zikapangwa upya, jambo linalowagusa moja kwa moja wasioona wanaotegemea programu za kuwasomea skrini.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kazi hii linatoka kwa wataalamu wa zamani. Mtu aliyekaa miaka 20 na programu moja ana elimu ndani ya vidole vyake, na kuibadilisha ni kumnyang'anya mali aliyoichuma. Sitaki kulipuuza hilo, kwani wakosoaji wengi wa skrini za zamani hawakuwahi kupewa siku mbili wamalize sehemu za wapiga ala 60. MuseScore 4 yenyewe ilipotoka iliwaacha nyuma watu waliotegemea viongezo vilivyokuwa bado havifanyi kazi. Jibu langu lina sehemu mbili. Mali hiyo inalindwa kwa utaratibu, na utaratibu upo: toleo la 3 na la 4 viliweza kukaa kwenye kompyuta moja bila kugombana, kwa hiyo aliyekuwa katikati ya kazi aliimaliza kwa chombo alichokizoea. Tena, kutobadilisha kitu hakukuilinda mali hiyo kule Finale. Wataalamu wake walibaki na vidole vyenye elimu na programu isiyo na mwenye kuiendeleza, wakaelekezwa kwa Dorico, ambako karibu mazoea yao yote yalibidi yaanze upya.

Wengine husema ugumu ni sehemu ya ufundi, na kwamba kila kinachorahisishwa hushusha kiwango. Uandishi wa nota ni mgumu kweli. Kuamua kodi moja ipangwe vipi ili mpiga kinubi aisome bila kusita ni elimu ya miaka. Lakini kujua zana ya vipimo iko kwenye aikoni ipi hakumwongezei mtu hata chembe ya elimu hiyo, na saa alizozitumia kuitafuta zimetoka kwenye saa za kujifunza muziki.

Pingamizi la mwisho lina nguvu zaidi huku kwetu. Kwaya nyingi za makanisa Afrika Mashariki husoma solfa, mfumo ulioanzishwa na Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19, kisha ukaletwa na wamisionari. Programu zote nilizozitaja zimejengwa juu ya mistari mitano. Mwalimu wa kwaya anayeandika d, r, m kwenye programu ya kawaida ya maandishi hutenganisha mapigo kwa nukta pacha na nusu pigo kwa nukta moja, na huzipanga sauti nne zilingane kwa kubonyeza nafasi moja moja. Akiongeza silabi kwenye sauti ya tatu, mpangilio wote wa mstari huo huhama. Je, mabishano ya utepe na dirisha yanamhusu nini? Yanamhusu sana, kwa sababu taabu yake ni ile ile iliyokuwa ya Finale na ya kisanduku cha kipimo: mashine inaona herufi na nafasi tupu, yeye anaona mapigo. Dorico imeshaonyesha kwamba muziki unaweza kuhifadhiwa kama matukio katika muda, na mistari mitano ikawa namna moja ya kuyachora. Kinachotakiwa ni kuichora solfa juu ya msingi huo, na kumwezesha mwalimu kuiandika moja kwa moja kwa solfa. MuseScore ni programu huria, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuianza kazi hiyo.