Deni la Mbuzi Mia

Irimu (zimwi) wa hadithi za Mukurweini hana mama. Cucu, bibi yangu, alitusimulia kuhusu mke wa mhunzi aliyejifungua mumewe akiwa mbali kwenye kazi ya kufua vyuma. Zimwi likaja, likajifanya mkunga. Likapika, likapakua, likala lenyewe huku mzazi anatazama kwa njaa. Njiwa akapeleka habari, mhunzi akarudi na mkuki, hadithi ikaishia hapo. Hakuna mtoto aliyeuliza irimu yule alilelewa na nani.

Nilifundisha fasihi katika shule za huku Nyeri hadi nikastaafu, na wanafunzi wangu hawakuwa kama sisi. Wao waliuliza. "Mwalimu, kama mtu aliteswa utotoni, tutamlaumuje kwa aliyoyafanya ukubwani?" Swali la haki kabisa. Lakini waovu wa hadithi zetu hawakuzaliwa na utoto. Walipewa baadaye, na inafaa kuangalia waliupewa na nani, na kwa faida ya nani.

Wazee wa kiama, baraza la Wakikuyu, hawakuwa na haja na utoto huo. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza kwamba aliyeua mwanamume alidaiwa mbuzi au kondoo 100, na aliyeua mwanamke 30. (Hiyo tofauti ya mia na thelathini inastahili insha yake, leo naipita.) Baraza halikujishughulisha na nia ya muuaji. Lilipima pengo lililobaki katika boma la marehemu. Muuaji awe yatima, awe alichapwa kila siku na baba mlevi, mifugo ilihesabiwa ileile. Ila hakulipa peke yake: ukoo mzima ulichanga. Huzuni yake haikupunguza hata mbuzi mmoja, lakini jamaa zake walibeba mzigo pamoja naye. Mpaka leo sijaona utaratibu wa kifasihi ulioupita huo.

Ikaja Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Miaka hiyo ilituletea mwovu wa aina mpya, gakunia. Watu walipangwa mstari, mbele yao kukaletwa mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa kwa namna moja, unarudi nyumbani. Kwa namna nyingine, unapandishwa lori kwenda kizuizini. Mama alikuwa msichana wakati huo. Alisema hawakuangalia gunia, waliangalia miguu. Kidole kilichopinda, kisigino kilichopasuka, kovu la jembe: walijaribu kusoma jirani yao kwa miguu. Baadhi waliwatambua waliovaa magunia, wakanyamaza miaka yote iliyofuata, kwa sababu kuanzia 1954 wote walihamishiwa kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, chini ya ulinzi wa ngati, askari wa kijiji waliotumikia serikali ya kikoloni, na baada ya uhuru waliendelea kukutana sokoni na kanisani.

Aliyempa mwovu wa Mau Mau utoto mbele ya dunia nzima alikuwa Mmarekani. Robert Ruark alitoa riwaya ya Something of Value mwaka 1955, na 1957 ikawa filamu, Sidney Poitier akiigiza Kimani. Kimani anakua pamoja na kijana wa kizungu kama ndugu. Siku moja anapigwa kofi na mzungu, baba yake anafungwa jela, anaishia msituni. Wapo waliomsifu Ruark kwa kumwonea mhusika wake huruma. Mimi naona mchezo hapo. Kofi ni jambo la watu wawili. Ukishamfanya mtu muasi kwa sababu ya kofi, huhitaji tena kuzungumzia mashamba yaliyochukuliwa, kipande cha utambulisho kilichoning'inizwa shingoni, kodi ya kibanda. Jeraha dogo limefunika kubwa. Tangu hapo, nikikutana na mwovu mwenye utoto wa kusikitisha, swali langu la kwanza ni kwa mwandishi: kwa nini umechagua kidonda hiki, ukaacha kile?

Mwaka 1967 vilitoka vitabu viwili ambavyo ningependa visomwe pamoja. Kimoja ni Mau Mau General cha Waruhiu Itote, mzaliwa wa Kaheti, hapa hapa Mukurweini, aliyejulikana kama Jenerali China. Alikuwa amepigana Burma katika jeshi la King's African Rifles, akafanya kazi katika reli, kisha akaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya. Januari 1954 alipigwa risasi shingoni, akakamatwa, akahukumiwa kunyongwa mjini Nyeri. Alihojiwa na afisa wa polisi Ian Henderson, akakubali kuwaandikia wenzake barua za mazungumzo, na hukumu ya kifo ikaondolewa. Alifungwa Lokitaung, alikokuwa Kenyatta. Kwa wengi ni shujaa. Wapo wazee waliotaja zile barua kwa sauti ya chini. Katika kitabu anaeleza mwenyewe maisha yake, na hajifichi nyuma ya vita vya Burma. Namheshimu kwa hilo, ingawa sioni kwamba mtu wa kumhukumu ni mimi, ambaye sijawahi kusimama chini ya kitanzi.

Kitabu cha pili ni A Grain of Wheat cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Humo yumo Mugo, yatima aliyelelewa na shangazi mlevi, Waitherero, aliyemdhalilisha hadi kijana akawaza kumkaba koo. Anachotaka maishani ni shamba lake na kuachwa kwa amani. Kihika mpiganaji anapoingia kibandani kwake usiku na kumdai ushirikiano, Mugo anakwenda kwa afisa wa wilaya, John Thompson, anamuuza. Kihika ananyongwa. Kijiji, bila kujua, kinamfanya Mugo shujaa.

Ngũgĩ hakutubania chochote cha utoto ule. Tunaonjeshwa baridi na harufu ya pombe, na tunamwelewa Mugo mpaka tunaona aibu kwa kumwelewa. Kisha Mugo anasimama mbele ya umati siku ya sherehe za Uhuru, Desemba 1963, anasema ni yeye. Hamtaji shangazi kama wakili wake. Analipa kwa uhai. Karanja naye, ngati aliyepewa uchifu, aliyevaa gunia na kutikisa kichwa, anaondoka zake bila kulipa. Yaliyompata Karanja ni mepesi kuliko ya Mugo: mapenzi yaliyokataliwa, na woga. Lakini hata ningembadilishia, nikampa yeye uyatima na shangazi mlevi, bado ningemhukumu kuliko Mugo. Mmoja alivua gunia mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanafunzi ni hapana, jeraha la utoto halimsamehe mwovu. Linatusaidia kumjua, na pengine kumchangia mbuzi, lakini idadi yao haibadiliki.

Nina ombi kwa vijana wa huku wanaoandika michezo ya tamasha za shule. Nimetazama mingi ambamo ngati anapewa dakika ishirini za kulia juu ya utoto wake, na mjane wa aliyemchongea anapita jukwaani mara moja, amebeba kuni, hana jina. Katika riwaya ile yumo Gitogo, kijana bubu aliyepigwa risasi, na mama yake mzee, na Ngũgĩ anarudi kwenye kibanda cha mama huyo tena na tena. Mpeni mjane wenu jina, mpeni na utoto. Baada ya hapo ngati na alie atakavyo.