Kikosi Kilichozaliwa Msibani: Wazimamoto wa Santiago

Jioni ya tarehe 8 Desemba 1863, kanisa la Compañía jijini Santiago, Chile, lilifurika waumini, wengi wao wanawake, waliohudhuria ibada ya kufunga Mwezi wa Maria. Taa na mishumaa iliwaka katikati ya mapambo ya vitambaa. Moto uliposhika madhabahuni, ulipanda darini kwa muda mfupi. Watu walikanyagana milangoni, magauni mapana ya enzi hizo yakanasana, na waliokuwa nje wakashindwa kuwavuta waliokwama. Watu wapatao 2,000 walipoteza maisha.

Mji jirani wa Valparaíso ulikuwa na kikosi cha zimamoto cha wananchi tangu 1851, kilichoanzishwa baada ya moto mkubwa wa Desemba 1850. Santiago ilikuwa bado. Siku tatu tu baada ya msiba, José Luis Claro alitoa tangazo fupi katika gazeti la El Ferrocarril, akiwaita vijana waliokuwa tayari kuunda kikosi. Waliitika kwa wingi, na tarehe 20 Desemba Kikosi cha Zimamoto cha Santiago kikazaliwa rasmi.

Kikosi kiligawanywa katika kompania, yaani vikundi. Nyingine zilishika pampu na mipira ya maji, nyingine ngazi na mashoka kwa ajili ya kuvunja milango na kuokoa watu na mali. Wahamiaji nao hawakubaki nyuma: Wafaransa waliunda kompania yao.

Tarehe 8 Desemba 1870, miaka saba kamili baada ya msiba ule, Ukumbi wa Michezo wa Manispaa uliungua. Mzimamoto Germán Tenderini, mzaliwa wa Italia, alifia humo akiwa kazini. Ndiye wa kwanza wa kikosi kufia kazini, na mtaa ulio kando ya ukumbi huo una jina lake.

Hadi leo wazimamoto wa Chile hawalipwi mshahara. Mwalimu, fundi na mwanafunzi huacha shughuli zao kengele ikilia. Wengine hulala kituoni kwa zamu ya usiku. Kwa desturi, wao wenyewe hulipa ada ya kila mwezi kwa kompania zao.

Misiba mingi huishia kwenye matanga na lawama. Watu wa Santiago walizika wapendwa wao, kisha wakajipanga kabla mwezi haujaisha. Kwa hilo wanastahili heshima, na wanastahili kuigwa.