Kimvita Katika Tungo za Malenga wa Mombasa

Kijana wa Kabazi, aliyesomeshwa Kiswahili sanifu katika nchi ya baridi ya Nakuru, afunguapo diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, hukuta maneno ambayo shuleni yangepigwa wino mwekundu. Kumbe si makosa, bali ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, iliyobeba ushairi mtukufu tangu zama za mababu.

Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu mwaka 1776 hivi hadi 1840, aliutoa ushairi katika mawaidha ya dini akaushusha barazani na sokoni, akatungia vita vya watawala wa Mazrui na Sultani Seyyid Said, mapenzi na ufukara, kwa ulimi ule ule wa watu wa mji wake. Tungo hizo, zilizohifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, zilichapishwa mwaka 1940 na William Hichens. Lakini mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa kwenyewe, ulikuwa umekwisha kukichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu.

Hapo ndipo kutunga kwa Kimvita kulipokuwa ni kushika msimamo, kama alivyofanya Robert Burns wa Uskoti mwaka 1786, wakati wasomi wa Edinburgh walipokuwa wakijitakasa na lahaja yao. Nayo lahaja si pambo: katika mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, kina kikiwa ni -ti, mwenye kuiondoa nti akatia nchi ameubomoa ubeti mzima.

Mshairi Ahmad Nassir aliidumisha lahaja hiyo katika diwani ya Malenga wa Mvita ya mwaka 1971, iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Na tungo zake zikaimbwa katika taarabu na binamu yake Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, zikawafikia hata wasioshika kitabu. Nduguye Ahmad Nassir, Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa waraka wa Kenya: Twendapi?, alitunga kwa siri katika karatasi za chooni, gerezani Kamiti, na shairi lake la kukataa kuiacha imani yake akaliita Siwati, yaani Siachi, kwa Kimvita kisichochanganywa. Naona hakuna lugha nyingine ambayo ingemtosha, kwani mtu aliyetengwa na watu wote hukimbilia maneno aliyoyasikia utotoni.

Diwani ya tungo hizo za gerezani, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yenye jina la Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi, naye wakati huo alikwisha hamia Dar es Salaam.