Ukomo wa miaka 14: vita vya wauza vitabu wa London

Mwaka 1667 John Milton, akiwa amekwisha kupofuka, alimuuzia mchapaji Samuel Simmons utenzi wake Paradise Lost kwa pauni 5, na ahadi ya pauni 5 nyingine kila toleo litakapomalizika. Hadi anafariki mwaka 1674 alikuwa amepokea pauni 10 tu. Mjane wake aliiuza haki iliyosalia kwa pauni 8. Walioneemeka ni wauza vitabu wa baadaye.

Hakudhulumiwa kinyume cha desturi. Desturi yenyewe ndiyo iliyokuwa dhuluma. Tangu Malkia Mary akipe chama cha wachapaji wa London hati ya kifalme mwaka 1557, uchapaji nchini Uingereza ulikuwa karibu wote mikononi mwa wanachama wake. Mchapaji aliandikisha kitabu katika daftari la chama, na kikawa mali yake. Serikali nayo ilipata wa kuwasaka wachapaji wa maandishi iliyoyaogopa.

Sheria ya leseni iliyokilinda chama hicho ilipokoma mwaka 1695, wafanyabiashara hao walikimbilia Bungeni, na baada ya muda wakaanza kujifanya watetezi wa waandishi. Sheria ya Malkia Anne ya mwaka 1710 ikampa mwandishi haki, lakini kwa muda: miaka 14, na 14 mingine akiwa bado hai. Vitabu vilivyokwisha kuchapwa vilipewa miaka 21. Kwangu mimi, hakuna kifungu chenye thamani kuliko ukomo huo.

London haikuukubali. Wauza vitabu walidai kwamba haki yao ni ya milele, na mwaka 1769 mahakama ikawaunga mkono. Alexander Donaldson wa Edinburgh hakutishika. Aliendelea kuchapa vitabu vya bei nafuu, akafungua na duka London kwenyewe. Alishtakiwa kwa kuchapa The Seasons ya James Thomson, mshairi aliyefariki mwaka 1748. Kesi ilipanda hadi Baraza la Malodi, na Februari 22, 1774 likaamua: muda ukiisha, kitabu ni cha umma. Edinburgh waliwasha mioto ya shangwe.

Mwaka huohuo wauza vitabu waliomba Bunge liwafidie kwa sheria mpya. Malodi waliikataa. Kufikia 1777 mchapishaji John Bell alikuwa ameanza kutoa mashairi ya Uingereza, juzuu 109, kila moja shilingi moja na peni sita.